Jinsi ya Kulinganisha Eneo la Misitu la Nchi Mbili kwa Miaka Mingi: Mwongozo Kamili

Ukitazama mwaka 2020 peke yake, Indonesia na Vietnam zinakaribia kulingana. Misitu ilifunika takriban asilimia 49 ya nchi kavu ya Indonesia, na asilimia 47 ya Vietnam. Rudi hadi 1990 uone: Indonesia ilikuwa na asilimia 63 hivi, Vietnam 30. Moja imekuwa ikishuka miaka yote hiyo, nyingine ikipanda. Anayesoma namba za mwaka mmoja tu atasema nchi hizi zina hali moja ya misitu, na atakuwa amekosea kabisa.

Kuwa na takwimu za miaka thelathini pia hakutoshi. Namba za misitu hupanda na kushuka kwa sababu nyingi ambazo hazina uhusiano na shoka wala mche: maana ya neno "msitu" imebadilishwa, ramani mpya imechorwa, mpaka wa nchi umehama, eneo la ardhi limepimwa upya. Kwa hiyo katika kila hatua hapa chini, beba swali hili: kilichobadilika ni msitu wenyewe, au ni daftari?

Hatua ya 1: Andika swali lako kabla ya kufungua takwimu

"Nchi ipi inafanya vizuri zaidi kwa misitu?" si swali linalojibika. Livunje. Unaweza kutaka kujua nani ana misitu mingi zaidi kwa hekta. Unaweza kutaka kujua misitu ni sehemu gani ya ardhi ya kila nchi. Unaweza kutaka kujua kasi ya kupungua au kuongezeka kwa mwaka. Au unaweza kutaka kujua hali ya misitu ya asili tu, ukiacha ile ya kupandwa. Kila swali lina kipimo chake, na mara nyingi nchi inayoongoza katika kipimo kimoja huwa nyuma katika kingine. Chagua kimoja kiwe kikuu, vingine viwe vya kusaidia.

Hatua ya 2: Jua kinachohesabiwa kuwa msitu

Hapa ndipo ulinganisho mwingi unapoharibika, kwa hiyo usipite haraka.

Takwimu nyingi za kimataifa zinatumia maana ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO. Kwa FAO, msitu ni ardhi yenye ukubwa unaozidi hekta 0.5, yenye miti inayozidi mita 5 kwa urefu, na matawi yake yanafunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi hiyo. Miti ambayo bado ni mifupi lakini inaweza kufikia viwango hivyo mahali ilipo nayo inahesabiwa. Ardhi ambayo kazi yake kuu ni kilimo au makazi haihesabiwi, hata ikiwa na miti mingi.

Matokeo ya maana hiyo yanawashangaza wengi:

- Mashamba ya mpira ni msitu. Mashamba ya michikichi si msitu. Bustani za matunda na mizeituni pia si msitu.
- Mianzi na jamii ya mitende huhesabiwa ikifikia viwango vya urefu, ukubwa na kufunika ardhi. Mikoko huhesabiwa pia.
- Eneo lililokatwa miti yote kwa ajili ya mbao, lakini linatarajiwa kuota au kupandwa tena, linabaki kwenye hesabu ya msitu ingawa leo hakuna mti uliosimama.

Jambo hili la mwisho lishike vizuri. Kwa FAO, msitu ni matumizi ya ardhi. Kwa satelaiti, msitu ni kile kinachoonekana juu ya ardhi siku ile. Tutarudi hapo katika hatua ya 8.

Maana za kitaifa nazo zinatofautiana. Sheria ya misitu ya Vietnam ya 2017 inaanzia hekta 0.3. India huhesabu kuanzia hekta 1 yenye miti inayofunika asilimia 10 au zaidi, bila kujali aina ya miti wala mmiliki, hivyo bustani za matunda zinaweza kuingia. Chini ya Itifaki ya Kyoto, mkataba wa kimataifa wa kupunguza gesi zinazopasha dunia joto, kila nchi iliruhusiwa kujichagulia kati ya hekta 0.05 na 1, urefu wa mita 2 hadi 5, na matawi kufunika asilimia 10 hadi 30. Eneo lilelile lenye miti michache iliyotawanyika linaweza kuwa msitu katika ripoti moja na lisiwe msitu katika nyingine.

Kwa hiyo usichukue namba ya nchi ya kwanza kutoka wizara yake na ya pili kutoka FAO. Ni sawa na kupima kitambaa kimoja kwa mita na kingine kwa mkono.

Hatua ya 3: Chanzo kimoja, toleo moja

Chanzo cha kuanzia ni Tathmini ya Rasilimali za Misitu Duniani ya FAO, inayojulikana kwa kifupi FRA. Hutolewa kila baada ya miaka mitano. Matoleo ya karibuni ni FRA 2020 na FRA 2025. Nchi zenyewe hujaza ripoti kwa muundo mmoja, na mfululizo unaanzia 1990. Namba hizohizo unazikuta FAOSTAT, hazina ya takwimu ya FAO mtandaoni, katika sehemu ya matumizi ya ardhi, na Benki ya Dunia kwa misimbo miwili: AG.LND.FRST.K2 ni eneo la misitu kwa kilomita za mraba, na AG.LND.FRST.ZS ni asilimia ya ardhi yote.

Kwa kuwa vyanzo hivi vitatu vinatoka kisima kimoja, kuvikuta vinakubaliana si uthibitisho wa chochote. Wengi hujidanganya hapo.

Kosa kubwa zaidi ni kuchanganya matoleo. FRA 2020 ilisema dunia ina hekta bilioni 4.06 za misitu. FRA 2025 ilisema bilioni 4.14. Anayeziweka pamoja atatangaza kwamba misitu imeongezeka kwa hekta milioni 80 ndani ya miaka mitano, wakati ripoti hiyohiyo ya 2025 inasema dunia ilipoteza wastani wa hekta milioni 4.12 kwa mwaka kati ya 2015 na 2025, baada ya kutoa zilizoongezeka. Kilichotokea ni kwamba nchi zilipata takwimu bora na kusahihisha mfululizo wote wa nyuma. Hata hasara ya miaka ya 1990 ilibadilika: FRA 2020 iliiweka hekta milioni 7.8 kwa mwaka, FRA 2025 ikaiweka milioni 10.7.

Kanuni ni hii: chukua miaka yote, ya nchi zote mbili, kutoka toleo moja. Andika jina la toleo na tarehe uliyopakua juu ya jedwali lako. Toleo jipya likitoka, pakua upya kila kitu. Usiongeze mstari mmoja tu chini ya jedwali la zamani.

Hatua ya 4: Panga na usafishe jedwali

Fungua programu ya majedwali kama Excel. Safu A iwe mwaka, B nchi ya kwanza, C nchi ya pili. Huu ndio mfano wetu, kutoka FRA 2020, kwa maelfu ya hekta:

| Mwaka | Indonesia | Vietnam |
|---|---|---|
| 1990 | 118,545 | 9,376 |
| 2000 | 101,280 | 11,784 |
| 2010 | 99,659 | 13,388 |
| 2020 | 92,133 | 14,643 |

Kabla ya hesabu yoyote, kagua haya:

*Vipimo.* FAO hutoa maelfu ya hekta, Benki ya Dunia kilomita za mraba. Kilomita moja ya mraba ni hekta 100, kwa hiyo elfu moja ya hekta ni kilomita 10 za mraba. Ukikuta nchi moja ina misitu mara 10 au mara 100 ya ulivyotarajia, anza na kipimo kabla ya kutafuta sababu nyingine.

*Mkato na nukta.* Kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Ulaya bara husoma mkato kama alama ya desimali. Hapo 118,545 inageuka 118 na sehemu. Jumlisha safu nzima uone kama jumla inaleta maana.

*Nchi na mipaka yake.* Sudan Kusini ilijitenga 2011, Eritrea 1993, Muungano wa Kisovieti ulivunjika 1991. Katika FAOSTAT utakuta Sudan ya zamani na Sudan ya sasa kama nchi mbili tofauti. Ukiziunganisha bila kujua, utaona misitu mingi ikitoweka mwaka 2011 bila mti kukatwa. Kwa China pia kuna mstari wa China bara na mwingine unaojumlisha maeneo mengine. Chagua mmoja.

*Kisanduku kitupu si sifuri.* Kiache kitupu.

Hatua ya 5: Tafuta miaka iliyopimwa kweli

Ukipakua takwimu za Benki ya Dunia utapata namba ya kila mwaka tangu 1990, na utafurahi. Lakini hakuna anayepima misitu ya nchi nzima kila mwaka kwa miaka thelathini. Ripoti za FRA 2020 ziliomba namba za 1990, 2000, 2010, 2015 na miaka iliyofuata hadi 2020. Miaka ya katikati imejazwa kwa kuvuta mstari mnyoofu kati ya namba mbili.

Kujua ni rahisi. Ongeza safu ya tofauti kati ya kila mwaka na uliotangulia. Ukiona tofauti ileile ikijirudia, kwa mfano hekta elfu 1,726.5 zikipungua kila mwaka kutoka 1990 hadi 2000 kwa Indonesia, huo ni mstari wa kujazia. Maana yake huwezi kusema "mwaka 1997 Indonesia ilipoteza kiasi hiki". Huwezi pia kutafuta uhusiano wa misitu na bei ya mazao au mvua kwa namba za mwaka hadi mwaka, kwa sababu kupanda na kushuka kwa kweli kumeshapigwa pasi.

Ncha ya mwisho nayo ina tatizo lake. Nchi ambayo haijafanya upimaji kwa miaka mingi huwa inaendeleza mstari wa zamani hadi mwaka wa ripoti. Kwa hiyo ifungue ripoti ya nchi husika ya FRA, nenda kwenye jedwali la vyanzo vya takwimu, na uandike miaka ya upimaji na mbinu iliyotumika. Kazi hii inachukua muda, lakini hakuna hatua inayokulinda zaidi ya hii. Kama nchi moja ina vipimo vitano na nyingine ina viwili, ulinganishe kwa vipindi virefu vya miaka kumi au zaidi, usiende kwenye vipindi vifupi.

Hatua ya 6: Hesabu nne

Kwa jedwali letu, data zikiwa mstari wa 2 hadi wa 5:

Mabadiliko kwa hekta: `=B5-B2`. Indonesia imepoteza hekta milioni 26.4, Vietnam imeongeza milioni 5.3. Kilichopotea Indonesia ni kama mara tano ya kilichoongezeka Vietnam, na ni zaidi ya misitu yote ya Vietnam ya 2020.

Mabadiliko kwa asilimia ya mwanzo: `=B5/B2-1`. Indonesia imeshuka asilimia 22.3, Vietnam imepanda asilimia 56.2. Ona jinsi Vietnam ilivyokuwa kubwa ghafla: ilianza na eneo dogo, kwa hiyo ongezeko dogo kwa hekta huonekana kubwa kwa asilimia. Namba hizi mbili ziandikwe pamoja daima. Moja bila nyingine inapotosha.

Kasi kwa mwaka: `=(B5/B2)^(1/(A5-A2))-1`. Hii ndiyo fomula inayotumiwa na FAO. Indonesia inatoa −0.84 kwa mia kwa mwaka, Vietnam +1.50. Wengi hugawanya tu asilimia 56.2 kwa miaka 30 na kupata 1.87. Ni kosa, kwa sababu kila mwaka ongezeko linahesabiwa juu ya msitu ambao tayari umekua. Kuna fomula nyingine ya logi, `=LN(B5/B2)/(A5-A2)`, inayotoa karibu jibu lilelile. Yoyote inafaa, mradi nchi zote mbili zitumie moja.

Kisha rudia fomula ya kasi kwa kila muongo, maana wastani wa miaka 30 huficha mengi. Indonesia: −1.56 katika miaka ya 1990, −0.16 kati ya 2000 na 2010, −0.78 kati ya 2010 na 2020. Vietnam: +2.31, +1.28, +0.90. Hapo ndipo habari yenyewe ilipo. Vietnam inaendelea kupanda lakini kasi inapoa kila muongo. Indonesia ilipunguza hasara sana kisha ikaongezeka tena. Ukikuta muongo mmoja unatofautiana mno na majirani zake, kama ule wa 2000 hadi 2010 hapa, rudi kwenye ripoti ya nchi uangalie kama mbinu ya kupima ilibadilika kabla hujatafuta sababu ya kisiasa au ya kiuchumi.

Hatua ya 7: Asilimia ya ardhi, na mtego wake

Eneo la misitu ligawiwe kwa eneo la nchi kavu, si kwa eneo lote la nchi linalojumuisha maziwa na mito. Kwa nchi yenye maziwa makubwa tofauti ni kubwa.

Mtego ni kwamba hata eneo la nchi kavu hubadilika kwenye vitabu. La Indonesia limewahi kuandikwa kilomita za mraba 1,811,570, na baadaye 1,877,519. Misitu ileile ya 2020 inatoa asilimia 50.9 kwa namba ya kwanza na 49.1 kwa ya pili. Karibu pointi mbili zimepotea na hakuna mti ulioguswa. Dawa yake: chagua eneo moja la ardhi kwa kila nchi, la mwaka wa karibuni, na ulitumie kwa miaka yote. Ikiwa mipaka ya nchi ilibadilika kweli, eleza hivyo wazi.

Hatua ya 8: Angalia ndani ya namba

Eneo la jumla ni salio: msitu uliopandwa, pamoja na uliojiotea wenyewe, ukitoa uliofyekwa. Salio dogo linaweza kuficha uharibifu mkubwa. FRA 2020 ilikadiria kwamba kati ya 2015 na 2020 dunia ilifyeka hekta milioni 10 kwa mwaka na kuongeza milioni 5 hivi, na salio likasomeka hasara ya milioni 5 hivi. Nchi mbili zenye salio sawa zinaweza kuwa na hali tofauti kabisa.

FRA inatenganisha msitu unaoota wenyewe na msitu wa kupandwa. Pakua safu hizo mbili pia. Kwa Vietnam, msitu wa kupandwa ulikuwa chini ya hekta milioni 1 mwaka 1990 na zaidi ya milioni 4 mwaka 2020. Yaani zaidi ya nusu ya ongezeko lote ni la kupandwa, na sehemu kubwa ni akasia inayovunwa baada ya miaka michache. Hiyo ni kazi yenye faida kwa ardhi iliyokuwa tupu, lakini haifidii hekta kwa hekta msitu wa asili uliofyekwa Indonesia. Anayeandika "misitu imerudi" bila kutaja hili anamnyima msomaji jambo la msingi.

Sasa pima dhidi ya satelaiti. Tovuti ya Global Forest Watch huonyesha upotevu wa miti kila mwaka tangu 2001, kwa takwimu za Chuo Kikuu cha Maryland kutoka picha za satelaiti za Landsat, ambazo kila pikseli (kinukta cha picha) ina upana wa mita 30. Ni chanzo huru, na ndiyo faida yake. Lakini usitarajie kilingane na FAO, kwa sababu hizi:

- Kinahesabu miti yoyote inayozidi mita 5, ikiwemo michikichi na ya mashambani. Kiwango cha kawaida cha matawi ni asilimia 30, si 10.
- Uvunaji wa mbao unasomeka kama upotevu hata kama miche imepandwa mwezi uliofuata. Ndiyo maana Uswidi na Ufini huonekana na upotevu mkubwa huku eneo lao la misitu kwa FAO likiwa karibu palepale.
- Upotevu na ongezeko havikupimwa kwa namna moja, kwa hiyo usitoe kimoja kwa kingine ukadhani umepata salio.
- Mbinu ya kutambua upotevu iliboreshwa kuanzia takwimu za 2011 na tena 2015. Kulinganisha mwaka wa kabla na wa baada ya hapo kunahitaji tahadhari. Wastani wa miaka mitatu mitatu husaidia, na pia hupunguza athari ya moto wa mwishoni mwa mwaka unaoingia kwenye hesabu ya mwaka unaofuata.

Mifumo ya kitaifa nayo ina kalenda zake. Ule wa Brazili wa PRODES, kwa mfano, unahesabu kutoka Agosti hadi Julai, na namba yake inayotajwa zaidi ni ya Amazonia, kwa hiyo namba hiyo si ya nchi nzima wala ya Januari hadi Desemba.

Tumia satelaiti kuuliza jambo moja: je, mwelekeo ni uleule? Kama FAO inaonyesha utulivu na satelaiti inaonyesha upotevu unaopanda kwa miaka mitano mfululizo, usichague mshindi. Tafuta ni nini kinakatwa: mti wa shamba la mbao, au msitu wa asili.

Hatua ya 9: Chora grafu mbili

Ukiweka Indonesia na Vietnam kwenye grafu moja ya hekta, Vietnam italala chini kama mstari usiosogea. Suluhisho baya ni kuweka mihimili miwili ya wima, kushoto na kulia. Hapo mchoraji anaweza kuifanya mistari ikutane popote anapotaka.

Chora grafu ya kwanza kwa hekta, mhimili ukianzia sifuri, ili ukubwa uonekane. Ya pili iwe ya fahirisi, 1990 ikiwa 100: `=B3/B$2*100`. Indonesia itasoma 100, 85.4, 84.1, 77.7, Vietnam 100, 125.7, 142.8, 156.2. Weka alama ya nukta kwenye miaka yenye takwimu za kuripotiwa tu, na mstari mwembamba katikati, ili msomaji ajue ni wapi kuna namba na wapi kuna kujazia. Jaribu pia kubadilisha mwaka wa mwanzo uwe 2000. Kama hitimisho lako linapinduka, basi lilitegemea mwaka uliouchagua, na lazima useme hivyo.

Hatua ya 10: Andika matokeo

Sentensi kamili ya ulinganisho ina vitu sita: nchi, kipindi, kipimo, mabadiliko kwa hekta, kasi kwa mwaka, na toleo la takwimu. Kwa mfano: "Kwa takwimu za FRA 2020, kati ya 1990 na 2020 eneo la misitu la Indonesia lilipungua kwa hekta milioni 26.4, sawa na asilimia 0.84 kwa mwaka, wakati la Vietnam liliongezeka kwa hekta milioni 5.3, sawa na asilimia 1.50 kwa mwaka. Zaidi ya nusu ya ongezeko la Vietnam ni misitu ya kupandwa."

Zungusha desimali kwa kiasi. Makosa ya upimaji wa misitu ya nchi nzima ni makubwa kuliko sehemu ya kumi ya asilimia, kwa hiyo usimtangaze mshindi kati ya nchi yenye 31.2 na yenye 31.4. Pamoja na matokeo, hifadhi faili ghafi ulilopakua bila kuligusa, jedwali la kazi lenye fomula zake, na ukurasa mmoja wenye maana ya msitu uliyotumia, eneo la ardhi ulilogawia, na miaka ya upimaji ya kila nchi.